Kutoka Meza ya Mhandisi Hadi Chombo cha Anga: Mwongozo Kamili

Mwaka 1962 walizaliwa watoto watatu ambao baadaye walikuja kushika njia moja. Kalpana Chawla alizaliwa Karnal, kaskazini mwa India. José Hernández alizaliwa California, katika familia ya vibarua wa mashambani waliotoka Michoacán, Mexico, na kuhamahama kufuata misimu ya mavuno. Mike Massimino alizaliwa New York, baba yake akiwa mkaguzi katika idara ya zimamoto. Wote walisomea uhandisi, wote waliingia NASA, shirika la anga za juu la Marekani, na wote waliruka. Mwongozo huu nimeujenga juu ya maisha yao, kwa sababu ukiyasoma kwa pamoja unaiona ile miaka ya katikati ambayo tangazo la kazi halikuonyeshi.

Miaka hiyo ndiyo yenye kazi. Hakuna chuo kinachotoa shahada ya uanaanga. Mwanaanga huchukuliwa akiwa tayari yuko kazini kwingine, tena anasifika kwa kazi hiyo. Ukilijua hili mapema utapanga vizuri zaidi, na hata nafasi ikikupita utabaki na taaluma yako mkononi.

Hatua ya 1: Soma masharti, kisha soma na takwimu

NASA inataka mambo manne. Uwe raia wa Marekani. Uwe na shahada ya uzamili katika uhandisi, biolojia, fizikia au sayansi inayokaribiana nazo, kompyuta, au hisabati. Aliyesoma miaka miwili ya uzamivu katika fani hizo, daktari wa tiba, au aliyehitimu chuo cha marubani wa majaribio naye hukubaliwa. Uwe umefanya kazi ya fani yako kwa angalau miaka 3 baada ya kuhitimu, au uwe na saa 1,000 za kuongoza ndege, nyingi kati yake zikiwa za ndege za jeti. Mwisho, upite vipimo vya afya vya safari ndefu. Shirika la Anga za Juu la Ulaya, ESA, lina masharti yanayofanana na hayo, ila uraia unaotakiwa ni wa nchi wanachama wake au nchi zinazoshirikiana nalo.

Sasa takwimu. Mwaka 2016 walioomba NASA walizidi 18,300, na mwaka uliofuata wakatangazwa 12. Katika mzunguko wa 2024 walizidi 8,000, wakachaguliwa 10. ESA ilipofungua milango mwaka 2021 ilipokea maombi zaidi ya 22,500. Mwaka 2022 ikatangaza watu 17, na kati yao 5 tu ndio walioajiriwa moja kwa moja kama wanaanga wa kudumu. Sikuandikii haya kukukatisha tamaa. Nakuandikia ili usiache kazi nzuri wala kuuza ulicho nacho kwa ajili ya ombi moja.

Suala la uraia huwazuia wengi kabla hawajaanza, basi tazama alivyopita Chawla. Alihitimu uhandisi wa ndege Punjab Engineering College mwaka 1982. Akaenda Marekani, akapata uzamili Chuo Kikuu cha Texas huko Arlington mwaka 1984, kisha uzamivu Chuo Kikuu cha Colorado huko Boulder mwaka 1988. Akaajiriwa kwenye utafiti katika kituo cha Ames cha NASA, akitumia kompyuta kuchunguza mwenendo wa hewa kuzunguka ndege. Uraia aliupata 1991, na Desemba 1994 akateuliwa. Ni miaka 12 tangu ahitimu shahada ya kwanza, na katika miaka yote hiyo hakukaa kusubiri karatasi: alikuwa anasoma, anafanya utafiti, anajifunza kurusha ndege.

Hatua ya 2: Chagua tawi la uhandisi utakalolipenda hata usiporuka

Vijana huuliza ni uhandisi upi unaopendelewa. Hawa watatu hawafanani. Chawla alikuwa wa ndege, Hernández wa umeme, Massimino alianza na uhandisi wa viwanda Chuo Kikuu cha Columbia kisha akaenda chuo cha MIT kwa uhandisi wa mitambo. Christina Koch, aliyekaa angani siku 328 mfululizo kati ya 2019 na 2020, alisomea umeme pamoja na fizikia.

Kinachowaunganisha ni kwamba kila mmoja alikuwa na kazi ya kuonyesha. Hernández aliingia maabara ya taifa ya Lawrence Livermore, alikofanya utafiti wa leza za eksirei katika mradi wa ulinzi. Vita Baridi ilipokwisha, yeye na mwenzake wakautumia ujuzi uleule wa eksirei kwa jambo jingine: wakashiriki kuunda mtambo wa kwanza wa kidijitali wa kupiga picha ya titi zima ili kugundua saratani mapema. Hata asingekanyaga chombo cha anga, angekuwa ameokoa maisha ya wanawake wengi. Massimino naye alikuwa Houston katika kampuni ya McDonnell Douglas, akitengeneza programu za kompyuta ya mkononi za kumsaidia mwanaanga anayeendesha mkono wa roboti wa chombo. Koch alibuni vifaa vya kisayansi vya anga, na akapitisha majira ya baridi katika kituo cha Ncha ya Kusini, mahali ambapo kwa miezi ndege haitui na kilichoharibika hutengenezwa na aliyepo.

Ushauri wangu: kama una kazi mbili mbele yako, moja ya kuandika ripoti na nyingine ya kushika vifaa, kuvifungua, kuvipima na kuvirudisha vikafanya kazi, chukua ya pili hata kama cheo chake ni kidogo.

Hatua ya 3: Chora ramani ya pengo

Desemba 1972, Hernández akiwa na miaka 10, alitazama kwenye televisheni matembezi ya mwisho ya binadamu mwezini, ya Apollo 17. Akamwambia baba yake anataka kuwa mwanaanga. Baba huyo alikuwa ameishia darasa la tatu. Hakumcheka. Alimketisha jikoni akampa maagizo matano: amua unachotaka, tambua uko mbali nacho kiasi gani, chora ramani ya kukufikisha, pata elimu, kisha fanya kazi kwa bidii ileile unayoitia shambani. Wakati huo mtoto alikuwa anajifunza Kiingereza kwa shida, kwa kuwa kila msimu walihama na shule ikabaki nyuma.

Agizo la pili ndilo watu hulikwepa, kwa hiyo lifanyie kazi kwa kalamu. Chukua karatasi, igawe safu tatu. Ya kwanza andika sharti lenyewe kama lilivyotangazwa. Ya pili andika ulicho nacho leo, bila kukipamba. Ya tatu andika jambo moja utakalolifanya kabla mwaka haujaisha. Kisha tafuta wasifu wa waliochaguliwa katika mizunguko miwili iliyopita, NASA huuchapisha wazi, ujilinganishe nao mmoja mmoja. Mambo ambayo hayatajwi popote kwenye masharti utayaona hapo yakijirudia: leseni ya urubani, cheti cha kupiga mbizi, lugha ya pili, miezi kadhaa katika mazingira magumu.

Hatua ya 4: Jaza pengo, na ujue kwa nini

Hernández alikataliwa mara sita kabla ya kufanya ulinganisho huo kwa makini. Aliikunja barua ya sita akaitupa. Mkewe ndiye aliyemwambia: kama NASA wanataka kukukataa waache wakukatae wao, wewe usijiondoe mwenyewe. Ndipo alipokaa akajiuliza waliochaguliwa walimzidi nini. Walikuwa marubani, akajifunza kurusha ndege. Walikuwa wapiga mbizi, akapata cheti. Kisha kazini ikatokea nafasi ya kwenda Siberia, katika mpango ambao Marekani ilinunua urani iliyotolewa kwenye silaha za nyuklia za Urusi. Wenzake hawakuikimbilia. Yeye aliichukua, akajifunza Kirusi, kwa sababu alishaona kwamba kituo cha kimataifa cha anga kitaendeshwa na Wamarekani na Warusi pamoja.

Kila kimoja kina sababu yake. Urubani hukufundisha kuamua ukiwa ndani ya chombo kisichosimama kukusubiri. Mbizi hukuzoesha kupumua kwa mtungi huku mikono ikifanya kazi, na sehemu kubwa ya mazoezi ya kutembea angani hufanyika chini ya maji. Lugha ni wazi. Ukikosa fedha ya urubani, ambao ni ghali kila mahali, anza na viwili vingine.

Hatua ya 5: Andika ombi linaloonyesha mikono yako

Maombi ya NASA hupita kwenye tovuti ya ajira za serikali ya Marekani, USAJOBS. Miaka ya karibuni dirisha limefunguliwa takriban kila baada ya miaka minne, na hufunguliwa kwa wiki chache tu. Wasifu wako na nakala za matokeo ya chuo viwe tayari muda wote.

Hapa wahandisi wengi hujiangusha. Chukua sentensi hii: “Nilihusika katika mradi wa kuboresha pampu.” Msomaji hajui ulifanya nini. Ulishika spana, au ulikaa mkutanoni? Iandike upya: “Pampu ilikuwa inavuja baada ya saa 200. Nilifungua tatu, nikakuta mpira wa kuzuia mafuta umeiva kwa joto, nikabadilisha aina ya mpira, nikaziendesha saa 1,000 bila kuvuja.” Huo ni mfano wa kubuni, lakini ona unavyobeba tatizo, kitendo, kipimo na matokeo, na namna mtu anavyofikiri unaonekana bila yeye kujisifu. Pitia wasifu wako wote kwa mtindo huo. Na kila jambo uliloandika uwe unaweza kulieleza kwa dakika kumi bila kubabaika, kwa maana atakayekuhoji huenda ni mhandisi wa fani hiyohiyo.

Hatua ya 6: Usaili na vipimo

Katika mizunguko kama ya 2013 na 2017, maelfu walichujwa wakabaki takriban 120 walioitwa Houston kwa awamu ya kwanza, kisha takriban 50 kwa awamu ya pili. Ukifika hapo, elimu yako haina tena ubishi. Walio mbele yako ni pamoja na wanaanga wenyewe, na wanachotafuta ni mtu wa kukaa naye miezi sita ndani ya chumba kisicho na mlango wa kutokea. Wanatazama unavyomtaja bosi wako wa zamani. Wanatazama unavyowasemesha watumishi wa mapokezi. Ukiulizwa ulipokosea, taja kosa la kweli na ulivyolirekebisha.

Vipimo vya mwili havina huruma, ila vina utaratibu. Uoni uwe kamili hata kama ni kwa miwani, na upasuaji wa macho kwa leza siku hizi unakubaliwa. Enzi za Massimino haikuwa hivyo. Alikataliwa mara mbili; mara ya tatu alifika mpaka usaili, akaangushwa kwa sababu macho yake bila miwani hayakufikia kiwango. Alitafuta mtaalamu akayafanyisha macho mazoezi mpaka yakasogea, akaomba tena, na mwaka 1996 akachaguliwa. Fanya uchunguzi kamili wa afya kabla hujaomba, ili kinachotibika kitibiwe mapema.

Hatua ya 7: Ukikataliwa

Utakataliwa. Clayton Anderson, mhandisi wa anga aliyekuwa tayari anafanya kazi NASA, alipata kwa ombi la 15. Hernández kwa la 12, mwaka 2004, akiwa na miaka 41. Sheria ni fupi: usitume ombi lilelile mara mbili. Kila mzunguko kuwe na jambo jipya. Hernández alifika mahali akahamia kabisa kituo cha Johnson cha NASA, Houston, mwaka 2001, kama mhandisi wa kawaida, akafanya kazi karibu na watu ambao wangemchagua.

Hatua ya 8: Mafunzo

Ukichaguliwa bado hujawa mwanaanga; ni mwanafunzi kwa takriban miaka miwili. Mwanzoni kabisa kuna jaribio la kuogelea: mara tatu urefu wa bwawa la mita 25 bila kupumzika, kisha mara tatu tena ukiwa umevaa ovaroli ya urubani na viatu, halafu dakika kumi za kuelea majini umesimama wima. Asiyejua kuogelea aanze leo.

Yanafuata masomo ya mifumo ya kituo cha anga: umeme, hewa, maji, joto, mawasiliano, na nini cha kufanya kila kimoja kikizimika. Kuna mkono wa roboti. Kuna Kirusi, ambacho wengi husema ndicho kigumu kuliko vyote. Kuna ndege za jeti za mafunzo, T-38.

Na kuna bwawa. Liko Houston, lina urefu wa mita 62, upana wa mita 31 na kina cha mita 12, na ndani yake kuna sehemu za kituo cha anga za ukubwa halisi. Unavalishwa suti inayozidi kilo 100, wapiga mbizi wanakufunga vipande vya uzito na maboya mpaka husogei juu wala chini. Ukigeuzwa kichwa chini, suti inaelea, lakini mwili wako ndani bado una uzito wake na damu inakushukia kichwani. Suti imejazwa hewa, hivyo kila ukikunja vidole glavu inakunyoosha tena, kama kukamua mpira kwa saa sita. Kazi ya dakika mbili mezani, kama kuchomeka plagi, huko inakula robo saa.

Ukimaliza, unasubiri zamu. Chawla alisubiri miaka mitatu tangu ateuliwe, Hernández mitano, Massimino sita. Muda huo si likizo: utapima vifaa, utaandika taratibu, utakaa chumba cha udhibiti ukizungumza na walio juu.

Hatua ya 9: Siku ya kazi yenyewe

Mei 17, 2009, Massimino alikuwa amening'inia kwenye darubini ya Hubble, zaidi ya kilomita 500 juu ya Dunia, pamoja na Mike Good. Kifaa kimoja cha kuchambua mwanga kilikuwa kimekufa tangu 2004 baada ya mfumo wake wa umeme kuungua. Hakikuundwa ili kifunguliwe angani. Bamba lake la juu lilifungwa kwa skrubu ndogo 111, na wahandisi walikuwa wametengeneza kifuniko maalumu cha kuzinasa zote zisielee. Kwa miaka Massimino alizifanyia mazoezi hizo skrubu 111.

Hakuzifikia. Mbele ya bamba palikuwa na kishikio cha mkono kilichofungwa kwa skrubu kubwa nne. Tatu zilitoka. Ya nne ililika kichwa, bisibisi ikawa inazunguka bure. Kila anayefungua mitambo anaijua hali hiyo: unasikia mkononi kwamba chuma hakishiki tena, na kila ukizidisha nguvu unaharibu zaidi.

Duniani, wahandisi wa kituo cha Goddard cha NASA walichukua kishikio kama kile, wakakifunga kwa ile skrubu moja, wakakivuta huku wakipima. Kilivunjika kwa nguvu ya takriban kilo 27. Wakamwambia akafuate tepu, azungushie sehemu itakayovunjika ili vipande visiruke vikatoboa suti, kisha avute. Alivuta, kikatoka. Ndipo akazianza zile skrubu 111, moja baada ya nyingine. Walikaa nje saa nane, na kifaa kikafufuka.

Ukitaka kujua kwa nini wahandisi huchaguliwa, ni hapo. Aliweza kueleza tatizo kwa sauti tulivu, kwa maneno ambayo fundi aliye mbali angeyatumia kuliunda upya mezani kwake, na akaacha kulazimisha mpaka majibu yalipokuja.

Chawla alikutana na kigumu chake kwenye safari ya kwanza, 1997. Alitumia mkono wa roboti kuachia satelaiti ya Spartan, ikaenda mrama, na wenzake wawili wakalazimika kutoka nje kuikamata kwa mikono. Uchunguzi ulichukua miezi, ukakuta kasoro katika programu na katika taratibu za kazi kati ya wafanyakazi wa chombo na wa ardhini. Alipewa safari ya pili.

Hatua ya 10: Zungumza na familia kabla ya kusaini chochote

Safari hiyo ya pili ya Chawla iliondoka Januari 16, 2003, kwa chombo cha Columbia. Wakati wa kupaa, kipande cha povu kiling'oka kwenye tangi la mafuta kikagonga ubawa wa kushoto na kuutoboa. Februari 1, zikiwa zimebaki takriban dakika 16 watue, hewa ya moto iliingia kwenye tundu hilo na chombo kikasambaratika. Walikufa wote saba.

Haya usiyaache mpaka usiku wa kuruka. Kaa na mwenzi wako, wazazi, watoto wanaoweza kuelewa, uwaeleze hatari kwa jina lake. Andika wosia. Amueni pamoja nani atapigiwa simu kwanza. Na wape haki ya kusema hapana wakati kusema hapana bado kunasaidia, yaani kabla ya ombi la kwanza. Mke wa Hernández alimrudisha njiani baada ya barua ya sita. Asingekuwa amekubali tangu mwanzo, barua ile ingekuwa ya mwisho.

Hatua ya 11: Panga na maisha ya baadaye

Hernández aliruka Agosti 28, 2009, karibu na saa sita usiku, akiwa mhandisi wa safari ndani ya chombo cha Discovery, ameketi nyuma ya kamanda na rubani. Safari ilichukua siku 14. Miaka 37 ya kungoja, siku 14 za kazi. Mwaka 2011 aliondoka NASA. Massimino alirudi Columbia, chuo alichosoma, kufundisha uhandisi. Weka akiba ya ujuzi na ya marafiki nje ya shirika, uwe na pa kurudi.

Hernández alirudi California. Ana kampuni yake ya ushauri wa kihandisi, na ana shamba la mizabibu katika bonde lile lile ambamo alichuma zabibu za watu wengine akiwa mtoto.